Mlima Uliolala Kifudifudi

Jiwe la tatu lilipovunjika, mzee Yasaburo hakutukana, na hilo ndilo lililomtisha binti yake, Sumie. La kwanza alilitukana mpaka mate yakamkauka. La pili alilitukana pamoja na nyundo, na tindo, na mhunzi aliyeifua ile tindo, ambaye alikuwa amekufa miaka ishirini nyuma na hawezi kujitetea. La tatu lilipotoa ule mlio mfupi, mkavu, wa kitu kilichokatika mahali kisipotakiwa kukatika, mzee aliweka nyundo chini taratibu, akajifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa cha kichwani, kisha akautazama mlima kupitia mlango wa kibanda.

"Basi," akasema. "Amefunga."

Sumie hakuuliza nani. Mlima ule, kama milima yote ya upande ule wa Kyoto, una mungu wake wa kike, na sifa zake zinajulikana: ni mkarimu, ni mwepesi wa hasira, na hataki kabisa kuona mwanamke mwingine akiingia tumboni mwake. Ana wivu. Inasemekana hana sura nzuri, ndiyo maana akikasirika hupelekewa samaki aitwaye okoze, ambaye kwa ubaya wa sura hana mpinzani baharini. Mungu akimwona, roho yake hutulia.

Na Sumie alikuwa ameingia. Hakuna aliyekuwa hajui kijijini.

Ukoo wao ulikuwa umechimba vinoo kwa vizazi vitano. Si vinoo vya kunolea majembe, hivyo hupatikana popote. Vyao vilikuwa vya mwisho, vya kumalizia, vile ambavyo seremala wa mahekalu huchukua baada ya vinoo vingine vyote kumaliza kazi, ili makali ya randa yake yawe makali kweli. Jiwe lenyewe ni la rangi ya kiini cha yai lililochemshwa, laini kuliko shavu la mtoto, na limepangika matabaka kwa matabaka. Likipasuliwa vizuri hufunguka bapa kwa bapa. Likipasuliwa vibaya huwa kokoto.

Kulipasua vizuri kuna sharti moja, na mtoto wa nyumba ile hulijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Bonge likishang'olewa ukutani ndani ya handaki la machimbo, kabla halijasogezwa hata kidogo, mchimbaji huchovya brashi kwenye wino na kutia nukta upande ulioangalia juu. Huo ndio uso wa mbingu. Wa chini ni uso wa ardhi. Bonge likifika kibandani hulazwa kama lilivyolala mlimani, mbingu juu, ardhi chini, na tindo huingizwa ubavuni ikiinamia ardhini. Ukiligeuza, ufa hupanda badala ya kufuata tabaka lake, na kazi ya mwezi mzima huishia kwenye ndoo ya taka.

Haya mawili yaliyovunjika na hili la tatu yalitoka katika mkono wa kushoto wa handaki, na yote yalikuwa na nukta ya wino juu, iliyotiwa na Yasaburo mwenyewe. Likabaki la nne, la mwisho.

Mkono wa kulia ulikuwa umekwisha tangu mwaka juzi, jiwe limeliwa lote, kumebaki mwamba mtupu. Ndipo mzee, akiwa na miaka themanini na moja na ukaidi wa watu kumi, alipoufungua mkono wa kushoto uliokuwa umezibwa. Akang'oa mabonge manne. Siku alipong'oa la nne, kipande cha dari kikamwangukia mguuni. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu mwenyewe akivunjika guu nani alaumiwe, lakini kijiji kilimpata wa kumlaumu. Sumie alikuwa amengoja na chakula kwenye lango lisilopitwa na wanawake, mpaka jua likaelekea kuzama, akaita, hakujibiwa. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu, akatazama lile lango jekundu la mungu wa mlima, akatazama njia inayopanda kwenda handakini, akapita. Akamkuta baba yake gizani, akamburuta nje juu ya mkeka wa majani. Kesho yake, kwa kuwa mzee hospitalini alikuwa akililia mawe kuliko mguu, akarudi tena na kuyatoa yote manne.

Sasa mzee alikaa juu ya mto wake, mguu mbovu umenyooshwa mbele, anauangalia mlima.

"Kesho ununue okoze," akasema. "Mkavu. Na chupa ya sake, usichukue ile ya bei rahisi. Hilo la nne ulipandishe mpaka langoni, uliweke pale."

"Pale wapi, baba?"

"Unapajua. Pale mama yako alipokuwa akiweka chakula. Uombe radhi, urudi."

 Sumie alipajua, ndiyo. Chini kidogo ya lango palikuwa na jiwe bapa, limesuguliwa likang'aa kwa kuwekewa kikapu cha chakula kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini na mitatu.

Mama yake, Fusae, aliingia handakini mara moja tu maishani. Alikwenda kumwambia mumewe kwamba baba mkwe amekata roho. Wakati ule Yasaburo alikuwa akichimba mkono huohuo wa kushoto, ndiyo kwanza ameufungua. Mwezi ule mabonge sita yakavunjika, moja baada ya jingine. Yasaburo hakumpiga mkewe wala hakumgombeza. Alisema mara moja tu, kwenye chakula cha arobaini ya marehemu, mbele ya watu: "Mlima umekasirika." Kisha akauziba mkono wa kushoto kwa vifusi. Fusae tangu siku ile hakulipita tena lango. Alipanda mpaka kwenye jiwe bapa, akaweka kikapu, akapiga makofi mawili, akashuka. Aliendelea hivyo mpaka mwaka aliokufa.

Sumie alimuuliza siku moja, "Mama, mpaka leo unauogopa mlima?"

"Mlima siuogopi," mama yake alijibu, akimenya figili. "Naogopa isije ikawa ni kweli."

Sasa Sumie aliliangalia lile bonge la nne, na nukta yake nyeusi. Akilibeba mpaka pale, akaliweka kwa mikono yake na kuomba radhi, atakuwa ametia muhuri kwamba ndiyo, ni kweli. Yeye ameufunga mlima, na kabla yake mama yake aliufunga. Na hapatabaki jiwe la kusema vingine.

"Na fundi Hisamatsu?" aliuliza. "Leo alasiri anakuja kufuata kinoo."

"Nitamwambia mlima umekwisha. Ni mtu mzima, ataelewa."

Alipika chakula cha mchana kwa sababu mchana ulifika. Wali, figili ya kachumbari, supu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, yenye vitunguu vya majani. Mzee alikula wali vijiko viwili, supu hakuigusa. Sumie alitoka nje kuanua nguo, akazikuta zimepigwa vumbi la njano. Kila mwaka majira ya kuchipua maua upepo hulileta vumbi hili kutoka majangwa ya bara, ng'ambo ya bahari, na kulimwaga juu ya mashuka ya watu wasiokuwa na kosa.

"Watu wamefua, wewe unakuja na mchanga wako!" aliliambia anga, akikung'uta foronya. "Huna kwenu?"

Aliporudi ndani kutoa vyombo, supu ya baba yake ilikuwa bado mezani. Ilikuwa imetulia. Juu maji meupe, unaona mpaka ndani. Chini mashapo yamelala. Amepika miso miaka arobaini, ameona mashapo yake mara nyingi kuliko alivyoona uso wake mwenyewe. Leo alikuwa na huzuni, na mtu mwenye huzuni hukitazama kitu kwa muda mrefu bila sababu. Akaona kwamba mashapo hayakulala ovyo. Chini kabisa palikuwa na chembe kubwa za soya, zilizozama kwanza. Juu yake chembe ndogo. Juu yake tena tope laini, laini zaidi, mpaka halijulikani lilipoishia na maji yalipoanzia.

Akamkumbuka mwalimu Kuwabara.

Huyu alikuwa mtu wa chuo kikuu, alikuja miaka mingi nyuma, mama yake akiwa hai, akakaa juma zima akigongagonga mlima kwa kinyundo. Alikula bakuli tatu tatu za wali kila mlo, na kwa aibu ya kula sana akaacha zawadi, lenzi ndogo ya mkononi yenye kifuniko cha shaba. Siku ya mwisho alikaa papa hapa, akashika kinoo mkononi, akawauliza kama wanajua ni kitu gani.

"Ni kinoo," Yasaburo alimjibu. "Umesoma mpaka chuo kikuu kwa ajili ya hilo?"

Mwalimu akacheka. Akasema, jiwe hili ni sakafu ya bahari. Si bahari hii ya hapa pwani, maana pwani mito huleta mchanga na tope, na kwenye jiwe hili hamna hata punje ya mto. Lilikaa katikati ya bahari kuu, mbali na nchi kavu yoyote, kwenye kina ambako mwanga haufiki. Kule hakuna kinachofika isipokuwa vumbi lililopeperushwa na upepo kutoka majangwani, na vidudu vidogo vyenye mifupa ya kioo, ambavyo huishi juu, hufa, na kushuka gizani taratibu mpaka chini. Vumbi na mifupa, vumbi na mifupa. Ilichukua miaka elfu kupata unene wa ukucha. Kisha sakafu yote ikasafiri, ikabanwa, ikapandishwa, ikawa mlima huu. Umri wake ni miaka milioni mia mbili na hamsini. Na hii mistari ya kijivu, akasema akiuonyesha mmoja kwa kidole, haikuchukua hata mwezi. Mlima wa moto ulilipuka mahali fulani, majivu yakanyesha baharini, yakazama yote kwa pamoja.

"Haba na haba hujaza kibaba," Yasaburo alisema. "Lakini kibaba hicho, mwalimu, nani alikaa kukingoja?"

"Hakuna aliyekingoja, mzee. Hapakuwa na mtu."

 Sumie alimkumbuka mama yake, ambaye alikuwa akimimina chai, alivyosimamisha birika hewani.

Alikiacha chombo mezani, akaenda kuitafuta lenzi. Ilikuwa kwenye mtoto wa meza, pamoja na nyuzi na betri zilizokufa. Akaenda nayo kibandani, akaokota kipande chenye nukta cha lile jiwe la tatu, akakigeuza ubavu, akatafuta mstari wa kijivu. Ulikuwepo, mwembamba kama ukanda wa kiatu. Akaweka lenzi jichoni.

Majivu yalikuwa punje punje. Upande mmoja wa mstari punje zilikuwa kubwa, zinameta. Zikawa ndogo, ndogo tena, mpaka zikayeyukia katika jiwe la njano. Supu ileile. Majivu mazito yalizama kwanza, mepesi yakafuata, yakalala hivyohivyo mpaka leo. Ila punje kubwa zilikuwa juu, upande wa nukta ya wino. Zile laini zilikuwa chini.

Akadhani amekishika vibaya. Akakigeuza, akatafuta nukta, akatazama tena. Kubwa juu, laini chini. Akaokota kipande cha jiwe la pili. Vilevile. La kwanza, vilevile. Akakimbia jikoni, na mwanamke wa umri wake hakimbii jikoni bila sababu, akachukua kinoo chake cha kunolea kisu cha samaki, kilichotoka mkono wa kulia zamani, ubavuni bado kina alama ya babu inayoonyesha upande wa mbingu. Mstari wa kijivu upo. Punje kubwa chini, laini juu. Kama supu.

Sumie akaketi sakafuni, palepale kwenye vumbi la mawe.

Hakuna bakuli duniani ambalo chembe nzito huelea juu na nyepesi zikazama. Kama punje kubwa zipo juu, basi bakuli limepinduliwa. Na bakuli lenyewe ni mlima. Wakati ule wa kubanwa na kupandishwa, mlima ulijikunja kama godoro linalokunjwa asubuhi kuwekwa kabatini, na pale kwenye mkono wa kushoto tabaka liligeuka, likalala uso chini. Mbingu yake ilikuwa imetazama ardhini tangu kabla hakujawa na mtu wa kuitia wino. Aliiwaza ile sakafu ya bahari, pana kuliko nchi, inanyanyuliwa na kukunjwa polepole, haimwagi hata punje yake moja, na nywele zikamsimama mikononi. Aliogopa, na hakuwa amewahi kuogopa kwa furaha kiasi kile.

"Baba!" akaita. "Baba, njoo!"

"Nije kwa mguu upi?" sauti ikatoka ndani.

Akamfuata. Alipomaliza kueleza, akichanganya supu na majivu na godoro, mzee alikuwa amekunja uso wote.

"Mwanangu, una homa?"

"Sina homa."

"Mlima umepinduka. Yaani mlima. Huu." Alionyesha kwa kidevu. "Na miti yake juu, na mimi nimekaa chini yake miaka themanini sijaona umepinduka."

"Ulipinduka kabla yako."

"Kumbe! Basi nisamehe kwa kuchelewa kuzaliwa."

Hapo mlangoni pakasikika kikohozi. Fundi Hisamatsu alikuwa amefika, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa isiyolingana naye, seremala wa mahekalu aliyenoa kwa vinoo vya nyumba hii tangu akiwa mwanafunzi. Alivua viatu, akainama, akakaa, akatoa kifurushi na kukifungua. Ndani palikuwa na kinoo kilicholiwa mpaka kikawa chembamba kama biskuti ya mchele.

"Tazama, mzee. Nikikohoa kitapasuka. Nguzo za hekalu zimesimama, zinangoja randa ya mwisho tu. Nimesikia kuna mawe manne."

"Kulikuwa na mawe manne," alisema Yasaburo. "Sasa kuna moja, na hilo linarudi kwa mwenyewe. Binti yangu alimuudhi."

Hisamatsu aliangalia mkeka. Aliyajua hayo maneno. Aliyasikia miaka mingi iliyopita, kwenye arobaini ileile, yakisemwa juu ya mwanamke mwingine.

Sumie hakubishana tena. Alikwenda kibandani akarudi na vitu viwili, kinoo chake cha jikoni na kipande cha jiwe lililovunjika. Macho ya baba yake yalikuwa yamechoka, lenzi isingemsaidia. Lakini alikuwa na ukucha wa kidole gumba. Kwa ukucha ule alikuwa amechagua mawe miaka sitini. Akiukwaruza juu ya jiwe, hukwambia litapata mteja gani na mteja huyo atasema nini.

"Niambie tu unachohisi," alisema, akamwekea kinoo cha jikoni mkononi. "Mstari wa kijivu. Chini, halafu juu."

"Mchezo wa kitoto huu."

"Nicheze basi. Si mimi ni mtoto wako?"

Mzee akapitisha ukucha. "Chini unakwaruza. Juu laini. Ndivyo mistari yote ilivyo. Mtu yeyote anajua."

"Sasa hili. Nukta yako hii hapa, juu. Anza chini."

Ukucha ukapita. Ukasimama. Ukarudi, ukapita tena, polepole zaidi. Yasaburo akanyoosha mkono, na Sumie akampa kipande kingine, na kingine. Kila kimoja alikisogeza karibu na macho kutafuta nukta ya wino aliyoitia mwenyewe, kisha akapitisha ukucha. 

"Laini iko chini," mzee alisema mwishowe, kama mtu anayeongea usingizini.

"Ndiyo, baba."

"Zote."

"Zote."

Mzee aliviweka vipande chini, kimoja kimoja. Nje upepo ulikuwa ukitikisa kamba ya nguo.

"Leteni hilo la nne," akasema.

Hisamatsu alilibeba, akataka kuliweka kama lilivyozoeleka, nukta juu. Sumie akamshika mkono. Wakaligeuza pamoja, nukta ikajificha chini. Yasaburo akachukua nyundo, akachukua tindo, akaisogeza ubavuni mwa jiwe, mkono ukaganda. Akajaribu tena. 

"Siwezi," akasema. "Alama yangu iko chini, mkono unajua. Utapiga kwa woga, na jiwe likisikia woga limekwenda."

"Nipe mimi," alisema Sumie.

Katika nyumba ile alikuwa amekata mawe kwa msumeno, ameyasugua, ameyapaka lakiri kingoni yasipasuke, ameyafunga kwa karatasi. Kupasua hakuwahi. Kupasua ni kwa mwenye handaki.

"Likivunjika?" baba yake aliuliza, si kwa ukali.

"Likivunjika nitapanda langoni kwa magoti na okoze wawili. Nitaomba radhi yangu na ya mama. Halafu hutasikia tena neno langu juu ya mlima mpaka tunazikana."

Mzee akampa nyundo.

Alipiga makini, pigo dogo, akasogeza tindo unene wa kidole, pigo dogo tena, kama alivyomwona baba yake akifanya mara elfu. Duru ya kwanza hapakuwa na kitu. Duru ya pili sauti ya jiwe ikabadilika, ikawa nzito. Duru ya tatu hakuwa amemaliza upande mmoja, jiwe likapumua. Hivyo ndivyo Hisamatsu alivyosimulia baadaye kila alipokwenda, kwamba lilipumua, na sisi wa kijijini hatukuwa na sababu ya kumbishia. Bapa la juu likanyanyuka lenyewe unene wa karatasi. Sumie akaweka vidole, akalifungua.

Zilikuwa nyuso mbili kamili, bila ufa, za rangi ya kiini cha yai, zina unyevunyevu uliokuwa umefungiwa humo. Na juu ya uso wa lile bapa la chini, uso uliokuwa ukitazama mbingu kabla ya mbingu hii tunayoijua, palikuwa na mchirizi mwembamba, umepinda, umezunguka, umejirudia, ukaenda zake mpaka ukingoni. Mnyoo alipita pale akitafuta chakula. Alipita gizani, chini ya bahari isiyokuwapo tena, juu ya tope ambalo lilikuwa limengoja miaka elfu kuwa na unene wa ukucha. Hakuna aliyemwona mpaka saa ile, na sasa watu watatu walikuwa wamemwinamia kama watu wanaotazama kitanda cha mtoto mchanga.

"Alikuwa na haraka gani," alinong'ona Hisamatsu, "mpaka akakosea njia hapa, akarudi?"

Hakuna aliyecheka. Sumie alijikuta analia, na hakuona haya.

Hisamatsu alichukua bapa la juu, akalilowesha, akatoa chuma cha randa yake akakilaza. Kile kisauti cha makali yanayoshika jiwe kilijaza chumba, laini, kimoja, bila mkwaruzo. Alinoa, akagusisha makali kwenye unywele wa mkononi, akalifunga jiwe kwa kitambaa chake cha hariri bila kusema lolote. Kwa mtu anayependa kuongea kama yeye, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Lakini Yasaburo hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameshika tena kile kipande cha kwanza kilichovunjika, ukucha unakwenda na kurudi juu ya mstari wa kijivu.

"Yale sita," akasema. "Ya mwaka ule."

 Sumie alikuwa amengoja aseme, na sasa alitamani asiseme.

"Yalikuwa ya mkono huohuo wa kushoto. Nukta niliitia mimi." Aliweka kipande chini. "Niinueni."

Wakamwinua, mmoja kila upande, wakampeleka mbele ya kabati la kuwaombea marehemu wa nyumba. Picha ya Fusae ilikuwa pale, amevaa kimono cha sherehe, anatazama pembeni kidogo kana kwamba ameitwa jikoni. Mzee akaomba bapa lenye mchirizi. Akaliweka mbele ya picha, uso wa mbingu juu, akalisogeza mpaka likakaa sawa. Akagonga kengele ndogo. Akangoja mlio uishe wote.

"Fusae," akasema. "Hukuwa wewe. Mlima ulilala kifudifudi, nami nikatia alama mahali sipo." Aligusa ukingo wa bapa. "Miaka ishirini na mitatu umeniwekea chakula nje. Nilikuwa nakila, Fusae. Nilikuwa nakila tu."

Maji yakimwagika hayazoleki, na mzee alilijua hilo kuliko yeyote mle ndani. Alikaa pale mpaka Hisamatsu akaaga na kuondoka. Alipoongea tena, aliongea na binti yake bila kugeuka.

"Okoze usinunue."

"Haya."

"Kesho pika. Tumia kikapu cha mama yako. Upande nacho, na usikiache langoni."

Asubuhi Sumie alipanda. Alipofika kwenye jiwe bapa alisimama, akaligusa kwa kiganja pale lilipong'aa, akaendelea. Alipita lango bila kuinamisha kichwa. Kwenye mdomo wa handaki aliingia hatua tano, hatua kumi, mpaka mahali mkono wa kushoto unapoanzia, akaweka kikapu chini ya ukuta wa tabaka la njano na kupiga makofi mawili. Sauti yake ilikwenda mbali ndani.

Aliporudi kukichukua jioni, upepo wa bara ulikuwa umevuma kutwa. Mfuniko wa kikapu ulikuwa na utando wa vumbi la njano, mwembamba hivi kwamba usingeuona bila kuupulizia. Sumie alinyanyua mkono kuufuta, kisha akauacha.